Usukani Uliokuwa Ukicheza: Kisa cha Datsun 240Z ya Mwalimu

Gari lilifika gerejini Jumamosi asubuhi, polepole, Mwalimu ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji. Ni Datsun 240Z ya mwanzo wa miaka ya 1970, rangi ya chungwa iliyopauka kwenye boneti kwa jua la Nakuru, aliyoachiwa na marehemu kaka yake. Alishuka, akafunga mlango taratibu, akasema, "Fundi, gari hili limenichosha. Nimenunua vipuri, nimelipeleka alainmenti, kunyooshwa magurudumu, mara nne, na bado linanivuta kama ndama anayekataa kamba."

Nilimwomba akae anieleze kila kitu kabla sijashika spana. Wengi huleta gari pamoja na jibu: "badilisha boljointi." Yeye alileta dalili, na alizieleza vizuri kwa sababu alikuwa amezisikiliza kwa muda mrefu. Usukani ulianza kutetemeka gari likifika kilomita 80 kwa saa, ukaendelea hadi 95 hivi, kisha ukatulia. Akikanyaga breki, gari lilikimbilia kushoto. Akipita matuta, kulikuwa na mlio wa "ko-ko" mbele upande wa kulia. Na kwenye barabara iliyonyooka baada ya Lanet alilazimika kurudisha usukani kila mara, maana aliuzungusha upana wa vidole vitatu kabla magurudumu hayajaitika. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limelika ukingo wa ndani hadi nyuzi zikachungulia.

Katika miezi 14 gari lilikuwa limewekewa boljointi mbili mpya, tairodi mpya (fito zinazogeuza magurudumu usukani ukizungushwa), bushi mpya za loa amu na shoki mpya za mbele, vyote katika gereji moja. Risiti zote alikuwa nazo, amezipanga kwenye bahasha kama karatasi za mtihani. Hapo ndipo nilipolipenda tatizo hili. Gari lenye vipuri vipya vyote hivyo halipaswi kwenda vile. Ama vipuri ni feki, ama vimefungwa vibaya, ama ugonjwa uko mahali ambapo hakuna aliyepatazama. Ilikuja kuonekana ni hayo mawili ya mwisho, yote kwa pamoja.

Nieleze kidogo jinsi mbele ya 240Z ilivyoundwa, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Kila gurudumu linashikwa na mguu mmoja mrefu wenye shoki ndani na springi juu yake. Kichwa cha mguu huo kimefungwa kwenye bodi kwa nati tatu. Chini unashikwa na loa amu, mkono wa chuma unaotoka kwenye krosmemba, boriti ya chuma inayovuka chini ya gari: upande wa ndani una bushi ya raba, upande wa nje una boljointi, kiungo cha tufe kinachoruhusu gurudumu kugeuka. Loa amu peke yake ingeweza kuyumba mbele na nyuma, kwa hiyo kuna tensheni rodi, fito inayoizuia. Ncha ya fito hiyo inapita kwenye tundu la braketi iliyo kwenye chasisi, na raba mbili zinaibana, moja huku na moja kule. Usukani ni wa reki na pinioni: pinioni ni gia ndogo, na reki ni fito yenye meno ndani ya bomba, inayosukumwa na pinioni kushoto na kulia. Reki yenyewe imefungwa kwenye krosmemba kwa klampu mbili, na ndani ya kila klampu kuna raba. Na kati ya mti wa usukani na pinioni kuna kaplingi, kiungo kingine cha raba. Hesabu raba zilizopo kati ya kiganja cha dereva na lami, uone ni sehemu ngapi zinaweza kulegea bila kuonekana kwa macho.

Jambo jingine muhimu: kiwandani gari hili halikupewa namna ya kurekebisha mwinamo wa gurudumu, si wa ndani na nje, wala ule wa mhimili wa mbele na nyuma. Kinachorekebishika ni kimoja tu, kama magurudumu ya mbele yanatazamana kidogo au yanaachana. Kwa hiyo gurudumu likiinama vibaya, kuna kitu kimepinda, kimelika au kimehama. Hakuna skrubu ya kuficha hilo, na mashine ya alainmenti haina cha kufanya.

Mwalimu alinikumbusha kwa fahari kwamba hili ni gari la Safari, yale mashindano ya Safari Rally. Ni kweli. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, na mwaka 1973 wakashinda Shekhar Mehta na Lofty Drews. Yeye mwenyewe, akiwa mvulana, alikuwa akienda kusimama kando ya barabara kuyangoja magari ya Safari yakipita yamefunikwa na vumbi. Sifa hiyo imewaponza wamiliki wengi, wanaoamini kwamba gari lililoshinda Safari haliharibiki. Yale ya mashindano yalikuwa na mafundi wanaoyasubiri njiani na vipuri mkononi. Hili la Mwalimu lina miaka zaidi ya 50, na raba haijui historia.

Niliingiza gari juu ya shimo, magurudumu yote manne yakiwa yamekanyaga sakafu kwa uzito wake. Hilo la uzito nalisisitiza. Gari likiinuliwa kwa jeki, magurudumu yananing'inia, viungo vinavutwa chini, na mchezo mwingi unajificha. Msaidizi wangu aliketi ndani, injini imezimwa, akawa anautikisa usukani kidogo tu, kushoto na kulia, kama anayembembeleza mtoto. Mimi nilikuwa shimoni nikiweka mkono juu ya kila kiungo kimoja baada ya kingine. Mkono huhisi kitu kinachosogea nusu milimita wakati jicho bado linatafuta.

Tairodi zilikuwa nzima. Boljointi nzima. Kaplingi ya raba ilikuwa imepasuka kuzunguka matundu ya boliti, na usukani ulikuwa unaizungusha kidogo kabla mti wa chini haujaamka. Kisha nikaweka kidole gumba pale reki inapokutana na krosmemba. Reki nzima ilikuwa ikitembea. Siyo fito ya ndani, namaanisha bomba lenyewe la reki, lile linalopaswa kutulia kama jiwe la msingi, lilikuwa likienda kushoto na kulia ndani ya klampu zake kama milimita 4. Raba zake zilikuwa zimeloa oili ya injini iliyovuja miaka mingi hadi zikawa laini kama ubani uliotafunwa. Nilipobonyeza kwa kidole, kipande kilibaki kwenye ukucha.

Nilimwita Mwalimu ashuke shimoni aone mwenyewe. Alitazama reki ikitembea, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa zile alainmenti nne walikuwa wanapima nini?" Ndilo swali lenyewe. Fundi wa alainmenti hurekebisha urefu wa tairodi hadi mashine ikubali. Lakini kama reki inaelea, namba inayoonekana kwenye kioo ni ya dakika ile tu. Gari likitoka getini na kupita tuta la kwanza, reki inahamia kwingine na namba inakwenda nayo. Simlaumu sana yule wa mashine, ingawa kabla ya kuwasha taa zake angeweza kushika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa.

Kuvuta kushoto kulijieleza haraka. Nilipima kwa futi kutoka ukingo wa nyuma wa ringi ya mbele hadi alama ileile ya chasisi, pande zote mbili. Gurudumu la kushoto lilikuwa limerudi nyuma milimita 9 kuliko la kulia. Raba za tensheni rodi ya kushoto zilikuwa zimelika upande mmoja hadi chuma kinagusa chuma. Breki inapokanyagwa, gurudumu hilo linasukumwa nyuma zaidi, mhimili wake unabadilika, na gari linafuata huko. Upande wa kushoto ndio unaoteseka kwenye barabara zetu: ndio unaoshuka ukingo wa lami ukipisha lori, ndio unaokutana na mashimo ya pembeni.

Nilisafisha braketi hiyo kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kisha nikafanya jambo ambalo huwa nafanya kwa kila chuma cha zamani kinachobeba usukani. Unapaka mafuta ya taa, unaacha yaingie, unapangusa hadi pakauke, halafu unapaka chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Mstari ulitokea, mfupi kuliko kidole, ukianzia kwenye tundu la boliti. Ukiuacha ule uendelee, siku moja breki inakanyagwa pale mteremko wa Sachangwan na braketi inabaki barabarani. Kazi ya kuchomelea nilimpa fundi wa jua kali ambaye mkono wake naujua: alitoboa ncha ya ufa kwanza ili usiendelee, akachoma, akaongeza bamba nyuma. Mikono ya usukani na ncha za magurudumu nilizipima kwa chaki vilevile, zikatoka safi.

Sasa nifike kwenye bushi za loa amu, zile mpya za risiti.

Kabla ya kulegeza chochote nilikuwa nimepima urefu wa gari kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Kulia palikuwa juu kuliko kushoto kwa milimita 11. Springi zote mbili zilikuwa za aina moja, hakuna iliyovunjika. Nilichukua mtaimbo mdogo nikausukuma kati ya loa amu ya kushoto na krosmemba. Mkono ulihama milimita 5. Bushi ya miezi 14 ilikuwa imechanika, raba imeachana na chuma chake cha ndani. Ya kulia ilikuwa bado nzima, na hilo ndilo lililonifanya nishuku.

Bushi hii imeundwa hivi: bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na raba iliyogandishwa katikati yao. Boliti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa lisizunguke hata kidogo. Loa amu inapopanda na kushuka hakuna chuma kinachoteleza juu ya chuma, ni raba inayojinyonga na kujinyongoa. Kwa hiyo pale ulipokuwa mkono wakati boliti inakazwa, hapo ndipo raba inapoona ni nyumbani. Ukikaza gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia, umeiambia raba kwamba nyumbani ni huko chini. Ukiteremsha gari, raba tayari imenyongwa nusu ya uwezo wake, gari likiwa limesimama tu. Kila tuta linainyonga zaidi. Inachanika mapema, na kabla haijachanika inajitahidi kurudi kwake, yaani inaliinua gari.

Bado tulikuwa juu ya shimo, uzito wote ukiwa sakafuni. Niliweka spana kwenye boliti ya kulia, nikailegeza robo mzunguko, nusu, na hapo pakatoka mlio mrefu wa kukwaruza kama lango la kijijini lisilotiwa mafuta, na pua ya gari upande huo ikashuka taratibu mbele ya macho yetu. Ilishuka milimita 8. Hatukugusa springi wala shoki. Tulilegeza boliti moja.

Bushi zilikuwa nzuri, tena za bei. Ziliuawa siku zilipofungwa. Na kwa sababu ya kushoto ilichanika mapema na ya kulia ikaendelea kulisukuma gari juu, gari lilisimama limeinama, gurudumu la kushoto likajipanga litakavyo, na tairi likalipa.

Kuna jambo moja la usalama ambalo sitaliruka ingawa kila fundi analijua. Springi ya mguu huu imebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Nati ya katikati ya kichwa haiguswi hadi springi ibanwe kwa vibano viwili vinavyotazamana na iwe imelegea kabisa kwenye viti vyake. Nati tatu za pembeni ndizo zinazotoa mguu kwenye bodi, ile ya katikati inasubiri. Na kalipa ya breki, ile inayobana diski, inafungwa kwa waya kwenye bodi, haining'inizwi kwa paipu yake.

Mguu wa kulia ulipotoka nilielewa ile "ko-ko". Shoki za kisasa za gari hili ni katriji inayotumbukizwa ndani ya bomba la zamani, halafu nati kubwa inaifunga kwa juu. Katriji nyingi ni fupi kuliko bomba, kwa hiyo huja na pete ya kuweka chini yake ili nati ikikazwa iibane kweli. Mguu wa kushoto ulikuwa na pete. Wa kulia haukuwa nayo. Nati ilikuwa imekazwa hadi mwisho, imekaa juu ya bomba, na katriji chini yake ilikuwa inapanda na kushuka milimita kadhaa kwa kila tuta kama mchi kwenye kinu. Nilipeleka vipimo kwa fundi wa kerezo hapa mjini akanichongea pete ya milimita 10. Kipimo cha kujua imekaa sawa ni rahisi: ukikaza nati, iache upenyo mwembamba kati yake na mdomo wa bomba. Upenyo ukiwepo, nati inabana katriji. Usipokuwepo, inabana bomba na katriji iko huru. Kabla ya kutumbukiza nilimimina oili kidogo ndani ya bomba, ijaze nafasi kati ya katriji na kuta ili joto la shoki lipate njia ya kutoka.

Vipuri vilituchukua wiki 5. Beringi za magurudumu tulizipata Nakuru siku ileile, maana namba imechongwa kwenye ringi ya beringi na duka lolote la beringi linauza kwa namba, bila kujali jina la gari. Raba za kichwa cha shoki, bushi na raba za tensheni rodi tulizitafuta Kirinyaga Road kule Nairobi tukapata baadhi, nyingine ziliagizwa nje na mpwa wa Mwalimu.

Hapo tulijadiliana. Mpwa alitaka kila kitu kiwe cha poliyurethani, ile plastiki ngumu yenye rangi, akisema raba ni ya kizamani. Nilikubali kwa reki peke yake. Reki haitakiwi kusogea hata kidogo, na oili haiiozeshi poliyurethani kama inavyoiozesha raba. Kwa loa amu nilitaka raba, kwa ajili ya matuta yetu na mgongo wa Mwalimu. Kwa tensheni rodi nilikataa kabisa. Ncha ya fito ile hubadilisha pembe kila gurudumu linapopanda, na raba laini inairuhusu. Ukiibana kwa kitu kigumu pande zote mbili, kinachopinda sasa ni chuma chenyewe, pale shingoni penye nyuzi, kila tuta, kila siku. Fito za magari haya zimewahi kukatika kwa sababu hiyo. Mwalimu alimtazama mpwa wake akasema, "Mwanangu, tumsikilize anayelala chini ya gari." Mpwa hakubisha, na kwa haki niseme kaplingi ya usukani aliyoileta yeye ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kufunga.

Bushi za zamani zilitolewa kwa presi. Kwenye loa amu ya kushoto nilikuta masizi na rangi ya buluu kwenye chuma, dalili kwamba aliyezitoa mara ya kwanza alizichoma kwa gesi. Chuma kikishafika rangi hiyo sipendi kukiamini bila kukipima, nikakirudia kwa chaki mara mbili. Kilikuwa salama. Viungo vyenye koni, tairodi na boljointi, nilivitoa kwa nyundo mbili: moja inashikilia upande mmoja wa jicho la chuma, nyingine inapiga upande wa pili, pigo moja la uhakika, na koni inaruka yenyewe. Ule uma wa kugongomea unachana vifuniko vya raba, na kifuniko kikichanika, boljointi nzima inageuka mbovu ndani ya msimu mmoja wa vumbi.

Reki ilinipa mtihani. Kifuniko chake kimoja kilikuwa kimepasuka na ndani mlikuwa na mchanganyiko wa grisi na vumbi, rangi ya uji wa wimbi. Niliifungua, nikaiosha, nikaitazama meno. Reki ya gari lolote huliwa zaidi katikati, kwa sababu maisha yake mengi ni kwenda mbele moja kwa moja. Kuna skrubu ya kusukuma reki ikaze kwenye pinioni, na kishawishi ni kuikaza hadi mchezo wa katikati uishe kabisa. Ukifanya hivyo, ukikata kona kali usukani unakwama kwenye meno ambayo hayajaliwa. Usukani unaokwama ni mbaya kuliko unaocheza. Nilikaza kidogo kidogo, kila mara nikiizungusha mwisho hadi mwisho kwa mkono, hadi nikahisi uzito unaanza kwenye pembe, nikarudisha kidogo. Mchezo mdogo ulibaki. Nilimwambia Mwalimu wazi kwamba umebaki na sababu yake.

Kufunga hakuna hadithi nyingi, isipokuwa mpangilio wa kukaza. Kila kitu kilifungwa, lakini boliti za loa amu niliziacha zimegusa tu. Gari likashushwa, likasukumwa mbele na nyuma mita kadhaa ili magurudumu yakae yalivyozoea, nikalibonyeza pua mara nyingi hadi likatulia. Kisha nikamwomba Mwalimu aingie aketi kwenye kiti cha dereva, maana huendesha peke yake siku nyingi, na uzito wake ndio uzito wa gari hilo. Yeye ameketi juu, mikono mapajani, mimi niko shimoni na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, nakaza boliti mbili. Alisema alijihisi kama anapimwa suti. Baada ya hapo nilipima tena urefu, tofauti ya kulia na kushoto ikawa milimita 2.

Alainmenti niliifanya kwa kamba. Kamba mbili zinavutwa pande zote za gari kwenye stendi nne, zikiwa sambamba na magurudumu ya nyuma, halafu unapima kwa rula kutoka kamba hadi ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma wa ringi. Ni kazi ya saa nzima na inataka subira, lakini haidanganyi. Niliyaweka magurudumu ya mbele yatazamane kwa milimita 2, usukani ukiwa umenyooka. Wiki iliyofuata tulipeleka kwenye mashine, ikakubaliana nami.

Tulilijaribu kwa kwenda Gilgil, kupitia Lanet, Mbaruk na Kariandusi. Mchezo kwenye ukingo wa usukani, uliokuwa milimita 55, ulikuwa umeshuka hadi 12. Matuta ya Mbaruk yalipita bila mlio. Penye barabara tupu nilikanyaga breki kwa nguvu, mikono imelegea, na gari likasimama limenyooka. Lakini lilipofika kilomita 85, nilihisi mtetemo mdogo sana viganjani. Mwalimu hakuuhisi. Mimi niliuhisi.

Tuliporudi nilihamisha magurudumu, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, tukatoka tena. Mtetemo ukahama kutoka kwenye usukani hadi kwenye kiti. Basi ulikuwa ndani ya gurudumu lenyewe. Tulizungusha kila moja karibu na ncha ya waya iliyosimamishwa, na ringi moja ikaonyesha kupinda upande wa ndani, mahali ambapo macho hayafiki gurudumu likiwa limefungwa. Kwa hiyo waliomwambia Mwalimu kabla yangu "ni magurudumu" hawakukosea kabisa. Ringi ile ndiyo iliyokuwa ikianzisha mtetemo, nayo reki inayoelea, kaplingi iliyopasuka na raba zilizokufa zikaukuza hadi ukafika mikononi mwa Mwalimu kama tetemeko. Mwalimu alikuwa ameshafanya balansi, kusawazisha uzito wa magurudumu, mara kadhaa kwenye ringi iliyopinda. Tuliinyoosha, tukaipima tena kwa waya.

Nyuma ya gari bado hatujagusa. Bushi za nyuma nazo ni za umri wake, na pini zake ndefu hushikana na chuma kwa kutu hadi kuzitoa kunakuwa vita. Hiyo ni kazi ya baadaye, na Mwalimu anajua.

Kila nati niliyoikaza mbele niliipaka mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachopakana nayo. Mwalimu aliambiwa arudi akifikisha kilomita 1,000. Alirudi baada ya safari mbili za Molo na moja ya Kisumu, tairi za mbele zikiwa zimelika sawasawa. Nilishuka shimoni na tochi. Mistari yote ilikuwa imenyooka isipokuwa mmoja, nati ya tensheni rodi ya kushoto, raba mpya zilikuwa zimejikalia na nati ikalegea kiasi cha kuvunja mstari milimita 2. Niliikaza, nikafuta rangi ya zamani kwa mafuta ya taa, nikachora mstari mpya, nikamwandikia kwenye bahasha yake ya risiti tarehe ya kurudi tena.